Mtu Bila Alama, Alama Bila Mtu

Leo nataka tuanze na kitenzi. Kiswahili kinasema kucheza mpira, na kinasema pia kuuchezea mpira. Kilichoongezeka ni kidogo mdomoni, lakini kila mzazi aliyewahi kumwambia mtoto wake "usichezee moto" anaijua tofauti. Anayecheza amekubali kanuni za mchezo. Anayechezea ametia mkono mahali pasipo pake. Katika kriketi kuuchezea mpira ni kosa lenye kanuni yake na adhabu yake, na hiyo adhabu ndiyo iliyonifanya niombe nafasi ya leo, kwa sababu nimeitazama kwa miaka mingi na bado sijaona inapimwa kwa kibaba gani.

Twende Cape Town. Ni Jumamosi, tarehe 24 Machi 2018, uwanja wa Newlands, na Mlima Meza uko pale nyuma. Australia wanacheza na Afrika Kusini mechi ya Testi, ile kriketi ndefu ya siku tano, na hii ni siku ya tatu. Kijana mmoja wa Australia, Cameron Bancroft, miaka 25, mechi yake ya 8 tu katika kiwango hicho, yuko uwanjani akiushughulikia mpira kabla ya kumrudishia mrushaji. Kamera inamvuta karibu. Kiganjani ana kitu kidogo cha njano. Picha inapanda kwenye skrini kubwa ya uwanja, watu wote wanaiona, na benchi la Australia nalo linaiona. Kocha Darren Lehmann anasema jambo kwenye redio kol, na muda si mrefu mchezaji wa akiba anaingia uwanjani kuzungumza na Bancroft. Bancroft anakisukuma kile kitu ndani ya suruali yake, mbele. Waamuzi wawili, Nigel Llong na Richard Illingworth, wanamwita. Anaingiza mkono mfukoni, anawatolea kitambaa cheusi cha kuhifadhia miwani. Waamuzi wanaukagua mpira, hawaoni kilichobadilika, wanaurudisha, mchezo unaendelea.

Jioni yake nahodha, Steve Smith, akaketi na Bancroft mbele ya waandishi wa habari. Wakakiri kwamba ulikuwepo mpango. Wakasema kitu kile kilikuwa utepe wa gundi ulionasa chembechembe za udongo wa uwanjani. Siku chache baadaye bodi ya kriketi ya Australia ikachunguza na kutangaza kwamba haukuwa utepe. Ulikuwa msasa. Msasa huu huu tunaoujua sisi, ambao fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anaupitisha kwenye mguu wa kiti kabla ya kupaka vanishi.

Msikilizaji ambaye hajawahi kukaa na kriketi ataniuliza, msasa na mpira wapi na wapi? Ngoja nieleze, maana bila hili mengine yote hayataeleweka.

Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 156 hivi hadi 163. Ndani ni kiini chepesi cha gamba la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, kimezungushiwa uzi, kisha ukavikwa ngozi ngumu na kushonwa katikati. Mshono ule unaugawa mpira nusu mbili. Ukianza mchezo nusu zote zinang'aa. Timu inayorusha hukazana kuusugua upande mmoja kwenye suruali ubaki laini, ndiyo maana suruali nyeupe za wachezaji huonekana na michirizi myekundu mapajani, na upande wa pili huuacha ukwaruzwe na ardhi na gongo. Mpira ukiwa angani hewa hupita tofauti kwenye upande laini na upande wenye ukwaru, basi mpira unapinda njiani. Mpira mchanga hupinda kuelekea upande wenye ukwaru. Mpira uliozeeka, tuseme baada ya ova 40 za jua na ardhi kavu (ova moja ni mirusho 6), ukirushwa na mtu mwenye kasi kubwa, hufanya kinyume: unapinda kuelekea upande ule unaong'aa. Na unapinda umechelewa, uko karibu kabisa na miguu ya mpigaji. Hapo mpigaji aliyekuwa amejipanga vizuri tangu asubuhi anajikuta wiketi zake, vile vijiti vilivyo nyuma yake, zimelala chini.

Mpira mwingine mpya hauletwi hadi ova 80 zipite. Nahodha anayetaka kuwatoa wapigaji anataka mpira wake ufike haraka kwenye ule uzee wenye faida. Msasa unafanya kwa dakika kazi ambayo ardhi ingeifanya kwa nusu siku.

Tazama basi mpaka umepita wapi. Kubadilisha hali ya mpira si kosa lenyewe, maana kila timu duniani inaubadilisha mpira kuanzia ova ya kwanza. Kuusugua kwenye nguo yako ruksa. Kuupaka jasho lako ruksa. Kuukausha kwa taulo ruksa, mwamuzi akiidhinisha. Kosa linaanza pale unapotumia ukucha, jino, zipu, udongo, mafuta, peremende, kizibo cha soda au msasa. Ni mpaka mwembamba, nami sitaki kumdharau anayeulinda. Ila mpaka mwembamba unahitaji adhabu inayojulikana kabla mtu hajauvuka, tena isibadilike kwa kutazama sura ya aliyeuvuka.

Sasa sikia yaliyofuata Cape Town. Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilimaliza kazi yake Jumapili, siku moja tu baada ya tukio. Smith alifungiwa mechi 1 na kukatwa malipo yake yote ya mechi. Bancroft alikatwa asilimia 75 ya malipo yake na kuwekewa alama za nidhamu. Basi. Hicho ndicho kitabu cha kanuni kilichokuwa kikisema wakati ule.

Tarehe 28 Machi bodi ya Australia ikatoa hukumu yake. Smith, miezi 12 nje ya kriketi ya kimataifa na ya nyumbani. Makamu wake, David Warner, miezi 12. Bancroft, miezi 9. Juu ya hapo saa 100 za kujitolea katika kriketi ya mitaani kwa kila mmoja wao. Smith asifikiriwe unahodha hadi upite mwaka mwingine baada ya kifungo. Warner asifikiriwe uongozi wa timu kabisa, maisha yake yote.

Kutoka mechi 1 hadi mwaka mzima, kwa tendo lile lile, mpira ule ule, ambao waamuzi waliushika mikononi wasione alama.

Wako watakaosema bodi ilikuwa na haki ya kuwaadhibu watu wake, na mimi nakubali. Katikati kulikuwa na uongo. Smith alishtakiwa kwamba alijua mpango upo asiuzuie, akaelekeza ushahidi ufichwe pale uwanjani, kisha akapotosha watu. Warner alishtakiwa kwamba yeye ndiye aliyeusuka mpango, akamwelekeza mchezaji mchanga, akamwonyesha hata namna ya kufanya. Haya ni mazito kuliko ukwaru wa ngozi ya mpira. Lakini nataka tuyaite kwa majina yake. Mwaka ule haukuwa adhabu ya kuuchezea mpira. Ulikuwa adhabu ya kudanganya, na ulikuwa pia adhabu ya aibu. Waziri Mkuu Malcolm Turnbull alikuwa ameshazungumza. Mdhamini mmoja mkubwa aliondoka. Magazeti ya Sydney na Melbourne yaliandika kana kwamba nchi imefiwa. Smith alipotua Sydney alilia mbele ya kamera, baba yake amesimama nyuma akiwa amemwekea mkono begani, na hata waliokuwa wakidai afungiwe zaidi walinyamaza kidogo siku ile.

Aibu ya taifa ni kitu cha kweli, siibezi. Lakini hakimu akiiweka aibu kwenye mizani, anampima mtu kwa ukubwa wa kelele, na kelele haina kipimo.

Linganisha na mwaka 1994: uwanja wa Lord's, London, nahodha wa Uingereza Mike Atherton alionekana kwenye televisheni akiwa na udongo mfukoni, anautoa na kuupitisha kwenye mpira. Alipoulizwa na refa wa mechi hakueleza yote. Mwenyekiti wa wateuzi wa timu yake akamtoza pauni 2,000: pauni 1,000 za udongo na pauni 1,000 za kutosema kweli. Akaendelea kuwa nahodha. Hapo una nahodha, kamera, mfuko na uongo, vyote vinne. Lord's uongo uligharimu pauni 1,000. Cape Town uligharimu mwaka.

Na tukiwa bado Newlands, geuza macho upande wa pili wa uwanja. Nahodha wa Afrika Kusini siku ile alikuwa Faf du Plessis. Mwaka 2013, Dubai, alipatikana na hatia ya kuusugua mpira kwenye zipu ya suruali, akakatwa asilimia 50 ya malipo ya mechi. Mwaka 2016, Hobart, akapatikana na hatia ya kuupaka mpira mate yenye peremende, akakatwa malipo yote. Alikata rufaa akashindwa. Mara mbili, na hakukosa mechi hata moja kwa sababu hiyo. Katika kikosi chake alikuwemo mrushaji Vernon Philander, naye alitozwa asilimia 75 mwaka 2014 kule Galle, Sri Lanka. Siwataji hawa ili nao waongezewe. Walilipa walichoambiwa walipe. Nawataja kwa sababu Bancroft alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, na hakuna kitabu chochote ambacho angeweza kukifungua asubuhi ile akasoma kwamba bei ya kosa hili, kwake yeye, ni miezi 9.

Huyo Bancroft ndiye anayeniuma zaidi. Wanaojenga wanalijua jambo hili. Saidia fundi akiambiwa na fundi mkuu aongeze maji kwenye zege, ukuta ukipasuka, tutamlaumu saidia fundi, ndiyo, maana ana akili na ana mdomo wa kukataa. Lakini hatumwekei lawama iliyo karibu sawa na ya aliyemtuma. Bodi yenyewe ilisema Warner ndiye aliyepanga na kufundisha. Halafu ikaweka miezi 3 tu kati ya aliyefundisha na aliyefundishwa. Bancroft mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikubali kwa sababu alitaka kukubalika ndani ya timu. Mtu mwenye mechi 8 akiambiwa jambo na makamu wa nahodha hasikii ombi, anasikia nafasi yake kwenye timu.

Na walio juu zaidi? Kocha Lehmann hakukutwa na hatia, akajiuzulu. Mwezi Oktoba mwaka ule ule ikatoka ripoti huru iliyochunguza utamaduni wa kriketi ya Australia, nayo iliisema bodi yenyewe kwa ukali: kwamba ilijenga mazingira ya kutaka ushindi bila kuhesabu gharama yake. Mwenyekiti wa bodi, David Peever, akaondoka tarehe 1 Novemba. Chama cha wachezaji kikaomba adhabu za wale watatu zipunguzwe, kwa kuwa sasa imeandikwa kwamba mzigo haukuwa wao peke yao. Bodi ikakataa. Iliyakubali makosa yake kwenye karatasi, na wachezaji wakaendelea kuyatumikia.

Msikilizaji wa Nairobi, kuna kipande cha hadithi hii kilichopita kwako. Tarehe 4 Oktoba 1996, uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana kutoka Pakistan, Shahid Afridi, alipiga mikimbio (ndiyo alama za kriketi) 100 kwa mirusho 37 dhidi ya Sri Lanka. Rekodi ile ilisimama zaidi ya miaka 17. Afridi mwenyewe amesimulia kwamba gongo alilotumia halikuwa lake. Lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, aliyempa mrushaji wa Pakistan, Waqar Younis, alipeleke Sialkot, mji wa Pakistan unaosifika kwa kutengeneza vifaa vya michezo, likatengenezewe mfano wake. Waqar akamwazima Afridi siku ile.

Mikono mitatu ilipita kwenye gongo lile, na yote mitatu ilikuja kuadhibiwa kwa ajili ya mpira.

Waqar, Julai 2000, Colombo: alifungiwa mechi 1 na kukatwa nusu ya malipo, mchezaji wa kwanza katika historia kufungiwa kwa kosa hili. Tendulkar, Novemba 2001, Port Elizabeth: refa wa mechi Mike Denness alimpa adhabu ya mechi 1 iliyoahirishwa, kwa sababu alisafisha mshono wa mpira bila kumwita mwamuzi. India nzima ikawaka. Viongozi wa kriketi wa India na Afrika Kusini wakamweka Denness kando katika mechi iliyofuata, kule Centurion, na ICC ikaivua mechi ile hadhi ya Testi. Afridi, Januari 2010, Perth: kamera ilimwonyesha akiung'ata mpira kwa meno mara kadhaa, naye siku hiyo ndiye nahodha. Mechi 2 za ova 20, saa tatu tatu kila moja, basi.

Kama umewahi kujiuliza kwa nini watu wa Pakistan na India hawaamini kwamba mizani hii ni moja kwa wote, weka hayo matatu mezani, kisha ongeza la Oval.

Oval, kusini mwa London, tarehe 20 Agosti 2006. Pakistan walikuwa wakicheza na Uingereza, nao walikuwa mbele. Katika ova ya 56 waamuzi Darrell Hair na Billy Doctrove waliutazama mpira, wakaamua umechezewa, wakabadilisha mpira na kuwapa Uingereza mikimbio 5 ya adhabu. Hawakumtaja mtu. Hakuna picha iliyokuwa ikimwonyesha yeyote akiutia ukucha. Hukumu ilitolewa palepale nyasini, dhidi ya timu nzima, mbele ya uwanja uliojaa.

Ili uelewe kwa nini iliwachoma namna ile, kumbuka mwaka 1992. Wasim Akram na Waqar Younis walikwenda Uingereza wakawavunja wapigaji wa huko kwa ule mpira mkuukuu unaopinda kinyume, ufundi ambao warushaji wa Pakistan waliukuza tangu siku za Sarfraz Nawaz. Magazeti ya London yakawaita wadanganyifu. Hakuna aliyehukumiwa, lakini jina lilibaki. Mwaka 2005 Uingereza wakaishinda Australia kwa ufundi huo huo, na mji wa London ukajaa watu kuwashangilia. Mwaka 2008 mmoja wa mashujaa wale, Marcus Trescothick, akaandika kwenye kitabu chake kwamba alikuwa akinyonya peremende ili mate yake yaung'arishe mpira vizuri zaidi. Hakufungiwa hata mechi moja. Wazee wetu walishalisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi Pakistan siku ile, baada ya mapumziko ya chai, hawakutoka. Nahodha Inzamam-ul-Haq alibaki na timu yake chumbani. Waamuzi wakasubiri, wakaondoa vile vijiti vya juu ya wiketi, mechi ikaisha. Walipokuja kutoka baadaye, waamuzi wakasema imeshakwisha. Uingereza wakapewa ushindi, na kwa mara ya kwanza tangu mechi za Testi zianze mwaka 1877, timu ikawa imepoteza kwa kutofika uwanjani.

Mwezi uliofuata shauri lilisikilizwa London mbele ya Ranjan Madugalle, refa mkuu wa ICC. Mpira wenyewe uliletwa ukatazamwa. Madugalle akaona alama zile zingeweza kuwa za uchakavu wa kawaida, na Inzamam akafutiwa kosa la kuuchezea mpira. Halafu, kwa kugoma, akafungiwa mechi 4 za siku moja kwa kuuvunjia mchezo heshima.

Sikia hesabu hiyo tena. Aliyeung'ata mpira mbele ya kamera alipata mechi 2. Aliyesingiziwa akagoma, kisha akaonekana hakuuchezea, alipata mechi 4.

Na matokeo? Mwaka 2008 ICC iliyabadilisha yakawa sare. Mwaka 2009 ikayarudisha, Uingereza wameshinda. Mtu aliyelipia tiketi siku ile alikaa zaidi ya miaka miwili hajui alitazama nini.

Nimeyaweka Cape Town na Oval pamoja kwa makusudi. Cape Town alipatikana mtu bila alama: mkono ulionekana, mpira haukuonyesha jeraha. Oval ilipatikana alama bila mtu: mpira ulionyesha jeraha, mkono haukuonekana. Kanuni inayotumika uwanjani inautazama mpira. Ndiyo maana Cape Town, pamoja na msasa wote ule, hata mikimbio 5 ya adhabu haikutolewa, na Afrika Kusini wakashinda kwa mikimbio 322. Oval mpira ulitosha kuivunja mechi nzima. Mimi nasema mpira peke yake usitoshe kumhukumu mtu. Mwamuzi akiuona umeharibika, aubadilishe, hilo ni sawa, mchezo uendelee na mpira safi. Lakini kuitia timu doa la udanganyifu kusubiri hadi apatikane aliyetenda na atajwe kwa jina. Tunamdai polisi wa mtaani kwetu ushahidi kabla hajamwita kijana mwizi. Mwamuzi wa kriketi naye adaiwe.

Kuhusu mate sitakaa sana. Kwa zaidi ya karne mate yalikuwa halali. Mwaka 2004 Rahul Dravid wa India alikatwa nusu ya malipo kule Brisbane kwa kuwa mate yake yalikuwa na peremende. Mwaka 2018, Saint Lucia, Dinesh Chandimal wa Sri Lanka akafungiwa mechi kwa kosa kama hilo. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, na mwaka 2020 ICC ikapiga marufuku mate yote, yenye peremende na yasiyo na peremende. Mwaka 2022 marufuku ile ikafanywa ya kudumu. Mwaka 2025 ligi kubwa ya India ikayarudisha. Kitu kinachoweza kuwa halali, kisha haramu, kisha halali tena nchi fulani, mtu asivunjiwe jina kwa ajili yake. Akatwe fedha, aendelee na kazi.

ICC nayo haikukaa kimya. Julai 2018, kwenye mkutano wake wa Dublin, ilipandisha kosa hili daraja. Sasa mtu anaweza kufungiwa hadi mechi 6 za Testi au 12 za siku moja. Nicholas Pooran wa West Indies alipoukwaruza mpira kwa kucha kule Lucknow mwaka 2019, akakiri, alifungiwa mechi 4 za ova 20, mara mbili ya Afridi. Ni hatua nzuri, lakini iliinua dari tu. Haikusema nani abebe nini chini ya dari hiyo.

Kama ningeulizwa, ningeanza na nahodha. Timu ikikutwa na kifaa kilicholetwa kutoka nje, msasa au kizibo, aliyepanga na aliyeongoza wabebe sehemu kubwa, na mchezaji mchanga aliyetumwa abebe theluthi, si robo tatu kama Bancroft. Ukucha na zipu vikae chini ya kifaa, maana ukucha mtu huja nao, msasa umeufungasha. Peremende ziwe faini. Kumdanganya mwamuzi au refa liwe kosa la peke yake, na adhabu yake iandikwe, ili mtu akifungiwa kwa uongo tuambiwe ni kwa uongo. Na tendo likishahukumiwa na ICC, bodi ya nyumbani isilihukumu tendo hilo hilo upya. Ikitaka kuadhibu mengine, itaje ni yapi. Nayaweka yote haya chini sana ya kuuza mechi. Wakenya wanalikumbuka jina la Maurice Odumbe, aliyefungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa uhusiano na mpanga kamari. Anayeuza mechi amemwibia hata mwenzake wa chumba kimoja. Anayeukwaruza mpira bado anataka timu yake ishinde. Ni kosa, lakini ni kosa la mtu aliye ndani ya mchezo, na kifungo chake kiwe na mlango wa kutokea.

Kwa sababu vifungo vya Cape Town havikuisha kwa wote siku moja. Smith alirudi mwaka 2019, akazomewa Edgbaston, Birmingham, mashabiki wakimpungia vipande vya msasa, naye akapiga mikimbio 144 na 142 katika mechi ile. Desemba 2021 alikuwa tena nahodha wa Australia kwa mechi moja, Adelaide. Warner aliomba adhabu yake ya uongozi iangaliwe upya, akaondoa ombi mwaka 2022 alipoambiwa shauri lisikilizwe hadharani. Ilifutwa Oktoba 2024, alipokuwa ameshastaafu kuichezea Australia.

Bancroft alirudi kwenye Testi mara mbili, Edgbaston na Lord's, mwaka huo wa 2019. Msimu wa 2022/23 alikuwa kinara wa mikimbio katika ligi ya majimbo ya Australia. Januari 2024 Warner alistaafu mechi za Testi, na ikawa wazi nafasi ya mpigaji wa kufungua, ambayo ndiyo kazi ya Bancroft. Walimpa Smith.